Siku Fidla Zilipofukuzwa Studioni

Thora Haugland alijaliwa machozi kama wenzake walivyojaliwa nywele nzuri au miguu ya dansi. Hakuyaomba. Kwao Duluth, mji wa baridi kali kando ya ziwa kubwa, baba yake, Mnorwe wa maneno machache, alipakia mawe ya chuma melini. Mama yake alifua nguo za watu. Nyumbani mwao kulia kulionekana sawa na kumwaga maziwa: hasara tupu. Basi mtoto aliyabeba machozi yake wiki nzima, akayamwaga kanisani Jumapili kinanda kilipoanza, kwa sababu humo hakuna aliyemuuliza analia nini.

Los Angeles alifika na kikundi cha maigizo ya kusafiri. Alikuwa mshonaji wao wa mavazi, na akipewa nafasi ya kupita jukwaani na sinia, alishukuru. Kikundi kikafilisika hapo hapo, kama vikundi vingi vilivyofika ukingo wa nchi vikakuta hakuna tena mbele pa kwenda. Wenzake wakapanda treni kurudi makwao. Thora akabaki, akajiunga na foleni ya watu wa kujaza umati katika filamu: leo mkimbizi, kesho mgeni wa harusi.

Bahati ilimwona siku ya mazishi. Mazishi ya filamu, bila shaka, na jeneza lenyewe lilikuwa limejaa nyundo na misumari ya maseremala. Mwongozaji, Bwana Clement Rusk, mtu mnene mwenye sauti ya mnadi samaki, alisimamisha kazi ghafla.

"Nani yule anayepoteza machozi kule nyuma?" alipiga kelele. "Yule msichana wa kofia mbaya! Mleteni mbele, watu wayaone!"

Hivyo ndivyo Thora alivyopata mkataba na kampuni ya Arroyo. Jina lake wakaliona refu kwa bango, wakampa jingine, Thea Hale. Wenzake walizoea kumwita Thora hata hivyo. Hakuwa nyota. Katika filamu za Rusk, mwanamke mkuu alibusiwa mwishoni. Thora alilia katikati. Alikuwa dada wa bibi harusi, muuguzi aliyependa asipopendwa, mke wa mtu wa pili. Lakini watu wa mjini walimjua. Katika treni ya umeme wanawake walimtazama macho, wakagusana viwiko: huyu ndiye yule. Naye alijivunia jambo moja tu, kwamba hajawahi kutiwa glisirini machoni, yale matone ya bandia ambayo wengine waliwekewa na kijiti. Yake yalikuwa yake.

Siku hizo filamu zilikuwa bubu, na kwa sababu hiyo pale zilipotengenezwa palikuwa na kelele kama sokoni. Upande wa pili wa ukuta maseremala waligonga, taa kubwa zilinguruma kama nyuki, na Rusk hakunyamaza hata kidogo. Alishika pembe yake ya bati akawasemesha waigizaji mwanzo hadi mwisho: "Umesikia hodi... geuka, taratibu... ni yeye! Hapana, siye, ni mtu wa posta... haya mwanangu, moyo unavunjika... lia sasa! Lia!"

Na nyuma ya kamera, juu ya kiti cha jikoni, aliketi mzee Emil Kostka na fidla yake. Kila mwongozaji aliyejiheshimu alikuwa na wapigaji wake wa muziki, kazi yao kulainisha mioyo ya waigizaji. Kostka alitoka Bohemia, alikuwa na masharubu ya kijivu, na kwa Thora alikuwa na wimbo mmoja wa polepole ambao hakumtajia jina, wala Thora hakuuliza. Wimbo ulipoanza, machozi yalikuja. Ilikuwa hivyo mwaka hata mwaka, na Thora aliamini kwamba fidla ndiyo kisima na yeye ni ndoo tu.

Kisha filamu zikaanza kusema.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kama mafuriko. Kuta zikavishwa mablanketi mazito. Taa zilizonguruma zikatolewa, zikaletwa zisizo na sauti, lakini zenye joto la kuoka mkate. Kamera, kwa kuwa nayo ilikuwa na mlio, ikafungiwa ndani ya kibanda kama kabati, na mpiga picha humo humo. Alitoka kila baada ya muda akitweta, uso mwekundu kama nyanya. Nguo za hariri ngumu zikapigwa marufuku kwa sababu zilichakarisha. Na juu ya wote akaja bwana mpya, fundi sauti, Wendell Pike, kijana mwembamba aliyetoka kampuni ya simu, hajui chochote kuhusu filamu, na neno lake likawa sheria. Rusk akisema picha imepatikana na Pike akasema haikupatikana, basi haikupatikana.

Ijumaa moja wapigaji wa muziki wakaambiwa asanteni, kwaherini. Kostka alifunga fidla yake katika sanduku, akampa Thora mkono.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Pale watu wanapokula," alisema. "Anayetafuna hajali fidla iko au haiko, kwa hiyo hawezi kunifukuza."

Kampuni ikatangaza kwamba kila mwigizaji atapimwa. Mikataba yao wote ilikuwa ya aina moja: kila nusu mwaka kampuni ilikuwa na hiari ya kuendelea na mtu au kumwacha, mtu mwenyewe hakuwa na hiari yoyote. Nusu mwaka ya Thora ilikuwa inakwisha mwezi huo huo. Akishindwa kipimo, atatoka langoni na jina ambalo hata si lake, na sindano ya kushonea ambayo mkono umekwisha kuisahau.

Nyumbani alikopanga, mtaa wenye michungwa iliyodumaa, aliishi na Bernadine Tuohy, mchezaji dansi mwenye mdomo usiofungwa. Wakati huo nyumba nzima ilikuwa imejaa wanawake wanaojifunza kusema. Walimu wa matamshi walivuna kama nzige.

"Asubuhi nimemsikia Lucille akiomba chumvi," alisema Bernadine, akipaka siagi mkate. "Mwenzangu, ungedhani malkia anazama baharini. Wewe mwalimu wako nani?"

"Sina."

"Huna? Unataka kufa?"

"Wamenisikiliza. Pike anasema sauti yangu haina kasoro."

Na ilikuwa kweli. Sauti yake ilikuwa ya chini, safi, yenye ukavu kidogo wa kaskazini, kama theluji inayokanyagwa. Kila mmoja alikuwa akiogopa sauti yake, na Thora peke yake hakuwa na hofu. Wala hakujua kwamba shimo lake lilikuwa mahali pengine.

Rusk alimchagulia kipande kizuri, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa kipimo kilikuwa chake pia. Waongozaji wa zamani walikuwa wakianguka kama matofaa ya mwisho wa msimu. Kipande chenyewe kilikuwa hivi: mke anapanga meza. Askari anabisha hodi, anamwambia mumewe amekufa mgodini, anaondoka. Mtoto yuko chumba cha pili. Mke anaweka sahani mezani, anamwambia mtoto, "Nenda kanawe mikono. Chakula kiko tayari." Halafu analia.

"Ndiyo kazi yako ya kila siku, mwanangu," alisema Rusk. "Maneno mawili matatu tu yameongezeka."

Taa nyekundu ikawaka mlangoni. Kengele ikalia, ikanyamaza. Na hapo Thora akakutana na kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho kazini: kimya. Hakukuwa na nyundo, hakukuwa na pembe ya bati, hakukuwa na fidla. Alisikia kitambaa cha nguo yake mwenyewe. Ilikuwa kama kushushwa kisimani, watu wote wakichungulia juu wakimtazama. Askari alisema maneno yake, akaondoka. Thora aliweka sahani. Alisema yake. Akasubiri machozi.

Akasubiri.

"Lia sasa, mwanangu!" alinguruma Rusk. "Lia!"

Mlango wa kibanda cha vioo, alimokaa Pike na vyombo vyake vya sauti, ukafunguka, naye akatoka akiwa ameshika masikio.

"Bwana Rusk! Kila mtu Marekani atakusikia!"

Rusk alijipiga mdomo kwa kiganja. "Samahani. Samahani, jamani. Neno limenitoka lenyewe. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Thora akaweka sahani, akasema, akasubiri, na Rusk, jasho likimtoka, akastahimili, akastahimili, mwisho akanong'ona, "Lia, mama, lia tu," na mnong'ono huo ukaingia katika maikrofoni iliyofichwa ndani ya chombo cha maua, ukatoka upande wa pili mkubwa kama radi.

Ndipo akaitwa mtu wa glisirini. Thora aliinua uso, akatiwa matone ambayo katika miaka yake yote hakuyakubali. Yakamtiririka vizuri sana mashavuni. Alisema maneno yake, na safari hii Rusk hata hakukohoa. Pike alisikiliza sahani ya nta iliyorekodiwa, akakunja uso.

"Nisemeje? Macho yanalia, lakini sauti inanunua mboga."

Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Rusk hakucheka. Alikwenda kwa wakubwa, akasema kosa lote ni lake, yeye ndiye aliyeharibu kwa domo lake, akaomba kipimo cha pili. Wakampa hadi Alhamisi.

"Mimi nilifikiri maikrofoni inaua sauti," alisema Bernadine jioni hiyo, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha rafiki yake. "Kumbe inakausha na macho! Mwenzangu, fikiria kitu cha huzuni. Fikiria hivi viatu vyangu."

"Nimefikiri kila kitu. Nimemfikiri hata mama. Bila fidla sitoi kitu, Bernie. Walikuwa wananisifu mimi kumbe ni Kostka."

"Basi mfuate."

Jumatano Thora alikwenda katikati ya mji, katika duka kubwa lenye mgahawa ghorofani, ambako mabibi waliochoka kununua kofia walikula saladi ya kuku. Kostka alikuwa pembeni mwa mtende wa kwenye chungu, amevaa suti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alimwona Thora akikaa. Alimaliza wimbo wa dansi aliokuwa akiupiga, akageuza fidla kidogo, akaanza ule wa polepole.

Mhudumu alikuja na bakuli, akamkuta mteja wake mashavu yameloa.

"Bibi! Supu ina nini?"

"Supu ni nzuri," alisema Thora, akijifuta. "Nzuri sana."

Wakati wa mapumziko walisimama pamoja kwenye ngazi za nyuma, karibu na jikoni, moshi wa vitunguu ukiwapitia. Thora alimweleza yote, kisha akatoa ombi lake. Aje kesho. Ampigie nje ya mlango, kabla ya taa nyekundu, halafu yeye akimbie ndani na wimbo ungali masikioni, kama mtu anavyokimbia na kaa la moto.

Kostka alimsikiliza hadi mwisho. Akavuta sharubu.

"Unaikumbuka ile filamu ya treni?" aliuliza. "Ulimlilia mtoto aliyepelekwa kwa shangazi yake."

"Naikumbuka. Rusk alimbusu mpiga picha."

"Siku ile nilipiga vizuri?"

"Ulipiga vizuri kuliko siku zote."

"Uzi wa fidla ulikatika," alisema Kostka. "Mwanzoni kabisa. Niliogopa Rusk asimamishe kazi anifokee, basi nikakaa nikipitisha upinde hewani, hivi, nafumba macho kama msanii. Maseremala walikuwa wanagonga, nani angesikia? Sikupiga hata sauti moja, binti. Na wewe ulilia mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu."

Thora alimtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyoishi haikuwa na paa.

"Uongo."

"Uongo utanifaa nini, mimi mzee? Sikiliza. Miaka yote wewe ulidhani mimi natangulia na wewe unafuata. Ni mimi niliyekuwa nikikufuata. Nilikuwa natazama hapa." Aligusa shingo yake mwenyewe, juu ya kola. "Kuna pahala pumzi yako inaingia halafu haitoki. Unaishikilia, kama mtu aliyebeba maji kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipokuwa naanza. Kabla ya hapo nilikuwa nakwaruza tu."

"Na hukuniambia siku zote hizo?"

"Nikwambie, halafu nile nini?"

Thora alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mpishi alitoa kichwa dirishani akasema mabibi wa saladi wanaulizia muziki. Kostka akanyoosha koti lake.

"Kesho siji," alisema. "Nikija nitakuibia."

Alhamisi Rusk alifika kazini amejifunga leso nyeupe mdomoni, fundo nyuma ya kichwa, kama mnyang'anyi wa benki. Alifanya hivyo mwenyewe, bila kuambiwa. Mafundi walipomwona walishindwa kujizuia.

"Bwana Rusk, tunyooshe mikono juu?"

Rusk aliwatishia kwa ngumi, akamwonyesha Thora kidole gumba.

Taa nyekundu ikawaka. Kengele ikalia, ikanyamaza. Kimya kikashuka, kile kile cha juzi. Thora hakukikimbia. Alikiacha kimzunguke kama maji yanavyomzunguka aliyesimama ziwani, baridi kwanza, kisha si baridi tena. Askari akaja, akasema, akaondoka. Thora alisimama na sahani mkononi. Na hapo, bila kuitafuta, aliihisi: pumzi iliingia, haikutoka. Aliijua. Ilikuwa yake tangu benchi la kanisa, na wala hakuwahi kuitazama.

Hakusubiri machozi. Aliweka sahani mezani, na sahani ikagusa ubao kwa mlio mdogo mno. Kwa pumzi ile iliyobaki alisema, "Nenda kanawe mikono." Hapo ikamwishia. Kimya kikapita, kirefu, hata yeye akadhani ameharibu. Kisha akavuta nyingine, ya chini, akamalizia kama mtu anayefunga mlango taratibu asimwamshe aliyelala: "Chakula kiko tayari."

Macho yake yalikuwa makavu.

Taa ikazimwa. Thora alitazama sakafu. Rusk alishusha leso hadi shingoni.

"Machozi yako wapi?" aliuliza kwa upole, kama anayemuuliza mtoto koti lake. "Mwanangu, yako wapi?"

Pike alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake cha vioo, bila haraka yake ya kila siku.

"Njoo usikilize, Bwana Rusk," alisema. "Njooni wote."

Wakasongamana. Sahani ya nta ikazunguka. Kwanza sauti ya askari, kisha mlango. Kisha, wazi kama kidole kwenye kioo, pumzi ya mwanamke inaingia. Haitoki. Watu waliokuwa ndani ya kibanda kile wakagundua kwamba na wao wameshikilia zao. Sahani ya chakula ikagusa meza. Maneno yakaja, yakasimama, yakaja tena. Mwisho ikabaki sindano ikikwaruza, hakuna aliyeinua mkono kuitoa.

Rusk alifungua fundo la leso shingoni mwake, akajifuta nayo macho, akapenga kamasi kwa kishindo kilichoweza kuharibu siku nzima ya kazi.

"Huyo anayenunua mboga leo ni nani?" alimuuliza Pike.

"Leo hanunui," alisema Pike. "Huyo, ningekuwa bado kwenye simu, nisingemkatia laini."

Jumatatu kampuni ikaamua kile kipande kitiwe katika filamu ya Rusk kama kilivyo, ikatumia hiari yake, ikamchukua nusu mwaka mwingine, na baada ya huo, mwingine tena. Usidhani alipandishwa juu ya bango. Walioandikwa kwa herufi kubwa walikuja na kuondoka, wengine waliletwa kutoka majukwaa ya New York na mabehewa ya mizigo, wengine walirudishwa na mabehewa hayo hayo. Thora aliandikwa chini, kwa herufi za ukubwa wa mchele, na aliendelea kuandikwa. Aliigiza mwendesha mitambo ya simu, mama mwenye nyumba ya kupangisha, mke anayejua lakini hasemi. Rusk, baada ya kujifunza kuzima mdomo, alifanya kazi miaka mingine kadhaa, na kila alipomhitaji mtu wa kupokea habari mbaya, alimtaka yeye. Bernadine alikata shauri kwamba dansi inahitaji magoti na kusema hakuhitaji, akaenda kusoma matangazo redioni. Vijana walioanza kazi walimuuliza Thora siri yake, naye aliwaambia wasikilize kwanza kile kinachoingia kabla ya neno kuanza. Wengi walidhani anawatania.

Kulikuwa na siku, miaka baadaye, alipokuwa kwa muuza nyama, amevaa kitambaa kichwani na miwani, hakuna aliyemgeukia. Zamani macho yake ndiyo yaliyomtangulia kila mahali. Sasa alipita mitaani kama mtu yeyote, na jambo hilo alilipenda. Zamu yake ilipofika aliomba ini, kipande kidogo, lisiwe la jana.

Mwanamke mmoja nyuma yake aligeuka ghafla hata kapu likamponyoka.

"Ni wewe!" alisema. "Yule mke wa mchimba mgodi! Nimekujua kwa sauti! Mungu wangu, ulivyolia siku ile. Mume wangu, ambaye hakumlilia hata mama yake, tulitoka sinema hataki kunitazama. Yale machozi yalivyokuwa yanakudondoka kwenye sahani!"

Thora alifungua mdomo amweleze kwamba hakukuwa na machozi, hata tone. Alimtazama yule mwanamke, uso wake umeng'aa, mikono bado hewani ikionyesha yalikodondoka.

"Asante, dada," alisema. "Nimefurahi uliyaona."

Akainama kumsaidia kuokota viazi vyake.